Kumi Nukta Tisa

Machi, Sudbury. Theluji imegeuka uji wa kijivu,
na chumvi waliyoimwaga barabarani tangu Novemba
imeguguna gari la Gaétan Robitaille kutoka chini,
kama panya aliyepata ghala bila mlinzi.
Nimelipandisha kwenye lifti. Kutu inanidondokea kopeni.
Bolti ya mkono wa chini, upande wa kushoto,
imegandana na bushi.
Niliipasha moto, nikaigonga, nikaibembeleza kwa Kinyamwezi,
mwishowe nikaikata.

Mwenyewe yuko mlangoni na mfuko wa karatasi.
"Nimekuja na zangu, Nyamizi," asema, na kumwaga juu ya benchi
bolti nne zinazong'aa kama vijiko vya harusi.
Kazinunua duka la vifaa vya boti.
"Kutu haizijui. Hizi ndizo zitakazonizika."
Kisha, sauti ikashuka:
"Humo ndani mna nikeli.
Nimeichimba miaka thelathini na moja, futi elfu sita chini.
Huenda hii niliitoa kwa mikono yangu."

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo?

Niligeuza kichwa cha bolti yake, nikamsomea: A2, sabini.
Nikaishika ile kuukuu niliyoikata,
nikaisugua kwa brashi ya waya mpaka tarakimu zikafufuka:
kumi nukta tisa.
"Sabini inaipita kumi," akacheka.
Nami nikacheka. Hesabu yake ilikuwa sawa,
na ingemtupa mtaroni.

Sabini yako ni ya mia saba, mzee. Kumi hii ni ya elfu.
Na hiyo tisa ya nyuma ina maana yake:
ivute hadi sehemu tisa katika kumi za nguvu zake,
ukiiachia inarudi ilivyokuwa.
Yako inakubali mapema. Ikishavutwa, imevutika,
nati inalegea, na wewe uko kwenye kona, lori la magogo linakuja.

Hakuamini. Nikazibana zote mbili kwenye jiliwa,
nikampa spana, nikachomeka bomba ili urefu uongezeke.
Ile nyeusi ilikaza, ikanyamaza.
Ile ing'aayo ililia. Nati iling'ata hesi zake yenyewe,
ikakataa mbele, ikakataa nyuma,
na shingo ya bolti ikaanza kujisokota kama muwa.
Gaétan aliitazama kwa muda. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Basi niwekee iliyo ngumu kuliko zote."
Kumi na mbili nukta tisa? Hiyo nayo hapana.
Katika chumvi ya mji huu, ugumu uliozidi huvunjika bila kuaga.
Nataka inayopinda kwanza,
inayokupa habari.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema wa kwetu.
Hawakusema mpe aliyependeza.

Nikafungua boksi: bolti mpya, kumi nukta tisa,
zimepakwa zinki, rangi ya maji ya kuoshea vyombo.
Zinki italiwa kwanza, nikamwambia, hiyo ndiyo kazi yake,
na ikiisha, utaniletea gari.
Nikaichomeka, nikaikaza kwa vidole tu.
Nikalishusha gari mpaka likasimama kwa uzito wake,
maana bushi ukiikaza gari likiwa hewani
mpira wake utaishi umejisokota,
na hautadumu.
Hapo ndipo nikaingia chini na spana ya kipimo,
nikavuta hadi ikalia *tak*.
Kisha robo mzunguko, kama kitabu kinavyotaka.

Alilipa kwa noti. Bolti tatu alirudi nazo,
za gati lake kule ziwani,
ambako kazi ni kulowa na kung'aa.
Ya nne, iliyojisokota, aliiacha kwenye jiliwa.
Sijaitoa. Natundika funguo za wateja hapo,
na kila asubuhi, gereji ikiwa bado na giza,
ndiyo naiona kwanza.